Orodha Inayosomwa kwa Sauti



Yafaa tuanze kwa kuungama, kwa maana si haki kuwalaumu wengine kwa jambo ambalo sisi wenyewe tulilianzisha kwa mikono yetu. Miaka minane iliyopita, katika parokia tuliyokuwa tukiihudumia kabla ya kuhamishwa, zaka ilikuwa imepungua sana, paa la nyumba ya mapadre lilikuwa likivuja, na makatekista walikuwa wamekaa miezi mitatu bila posho. Katika kikao cha Halmashauri ya Walei mjumbe mmoja alitoa wazo, nasi sote tukalipokea kwa furaha: kila Dominika ya mwisho wa mwezi, kabla ya baraka, yasomwe matokeo ya jumuiya ndogo ndogo zote 14, kuanzia ile iliyotoa zaka nyingi kuliko zote hadi ile iliyotoa kidogo kuliko zote, kisha nakala ibandikwe kwenye ubao ulioko mlangoni mwa kanisa. Tuliyaita "matokeo", neno tuliloliazima shuleni bila hata kujiuliza kwa nini.

Miezi mitatu ya mwanzo mapato yalipanda. Jumuiya za karibu na soko, zenye watumishi wa serikali na wenye maduka, zilianza kushindana kwa bidii, na iliyoshika nafasi ya kwanza ilipigiwa makofi na vigelegele mbele ya altare. Ya mwisho ilikuwa ileile kila mwezi. Hiyo ilikuwa jumuiya ya bondeni, ng'ambo ya mto, yenye vibarua wa mashamba ya watu na wajane wengi. Ilisomwa ya 14 mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kuendelea. Mwezi wa sita katekista akatuarifu kwamba jumuiya ile haikutani tena.

Tulidhani ni ugomvi wa kawaida, tukaenda kusuluhisha. Mama mmoja mjane, muuza mchicha, aliyekuwa mhazini wao, alitukaribisha uani kwake, akatupa kigoda, akatuuliza habari za nyumbani kwa wazazi wetu kama ilivyo desturi. Tulipomweleza kilichotuleta alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Padre, sisi tulikuwa tunasali vizuri tu. Hatukujua kama ni watu wa mwisho mpaka mlipotusomea."

Maneno hayo hayajatutoka, na ndiyo yaliyotufanya tuuombe ukurasa huu wa Tume. Mama yule alijua kwamba ni maskini. Alilijua hilo kila asubuhi alipopanga mafungu ya mchicha, wala hakuhitaji padre wa kumwambia. Jambo jipya tulilompa ni nafasi: kutoka siku ile alikuwa wa 14 kati ya 14, na watu waliokuwa wakimsalimu njiani kama mama fulani walikuwa sasa wamemsikia akihesabiwa. Jumuiya yake ilikuwa imechimba makaburi, imewauguza wagonjwa, imewachotea maji wazee wasio na watoto. Hayo yote hayakuwa na safu katika orodha yetu. Tulikuwa tumechagua kitu kimoja cha kupima, tena kile ambacho wao hawakuwa nacho, tukakitangaza kuwa ndicho kipimo cha Mkristo.

Tumezoea kuzungumzia habari hizi chini ya kichwa kimoja: wivu. Ni mahubiri mepesi kuandaa, na sisi tumeyatoa mara nyingi. Tunamwambia mwamini asitamani mali ya jirani, aridhike na alichopewa, asijilinganishe na wengine. Hatusemi kwamba mahubiri hayo ni ya uongo. Lakini yana upungufu mmoja mkubwa: yanamhubiria aliye chini ya ngazi, na yanamwacha kwa amani aliyeisimamisha ngazi hiyo. Tume ya Haki na Amani haina budi kumtazama huyu wa pili.

Kujilinganisha kwenyewe ni jambo la maumbile. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alichapisha makala ambayo hata leo wataalamu huianzia wanapozungumzia habari hii. Alieleza kwamba binadamu ana haja ya kujua uwezo wake na kujua kama maoni yake ni sahihi. Anapokosa kipimo cha wazi, hujipima kwa watu wengine, hasa wale wanaokaribiana naye kwa hali. Mkulima wa kwetu hajilinganishi na mfalme wa Uingereza. Hujilinganisha na jirani yake aliyeezeka bati mwaka jana, na ndugu yake waliyelala kitanda kimoja utotoni ambaye sasa ana pikipiki. Kwa njia hiyo hujifunza pia: ni kwa kumtazama jirani tunapojua kwamba mahindi yanaweza kupandwa kwa mistari. Basi hakuna sababu ya kumtaka mtu aache kabisa kutazama pembeni. Yafaa badala yake tujiulize ni nani aliyechagua kitu cha kutazamwa, na kwa nini imelazimu kitangazwe kwa sauti.

Mfalme Sauli ni mfano mzuri, na tunashangaa kwamba hatumtumii zaidi. Siku ile ya kurudi kutoka vitani ufalme wake haukuwa umepungua. Alikuwa na kiti chake, jeshi lake na ushindi mkononi. Ndipo wanawake wakatoka mijini kwa ngoma na nyimbo, wakaimba hesabu ya waliouawa, na katika hesabu hiyo kijana Daudi akamzidi mfalme. Ni tangu siku hiyo Sauli alipoanza kumtazama Daudi kwa jicho baya. Wimbo ule ulikuwa orodha iliyosomwa hadharani. Ulimharibu aliyekuwa wa pili, na aliyekuwa wa kwanza ukamfanya akimbie na kujificha mapangoni kwa miaka.

Sasa twende shuleni, maana huko ndiko wengi wetu tulikojifunza kujihesabu.

Kila mzazi anaijua ripoti ya muhula: alama za masomo, wastani, maoni ya mwalimu wa darasa, na pale chini sentensi fupi, "ameshika nafasi ya 71 kati ya wanafunzi 74". Wengi wetu husoma sentensi hiyo kwanza, na pengine hiyo peke yake. Mtoto akirudi nyumbani hatumwulizi amejifunza nini. Tunamwuliza amekuwa wa ngapi. Naye hujua kujibu kabla hajavua begi. Tazameni namba hiyo inasema nini na isichosema. Haisemi kama mtoto anajua kusoma. Haisemi kama ameongeza juhudi tangu muhula uliopita. Anaweza kupanda kutoka alama 30 hadi 45 na bado akabaki wa 71, kwa sababu wenzake nao wamepanda. Na siku ya kufunga shule mkuu atakaposoma majina mstarini kuanzia wa kwanza, yeye atasimama juani akisubiri, huku akijua kwamba jina lake halitafika hadi watu wawe wamechoka kupiga makofi. Katika kila darasa lazima awepo wa mwisho, hata wote wakiwa na akili nyingi. Hata mitume 12, tukiwapanga kwa mtihani wa aina yoyote, mmoja atakuwa wa 12.

Jambo hili tulilionja sisi wenyewe. Katika shule ya msingi ya kijiji tulikuwa wa kwanza miaka yote saba, na kwa sababu hiyo tulipelekwa seminari ndogo mwaka 1995. Huko walikusanywa wavulana waliokuwa wa kwanza kutoka vijiji vyote vya jimbo. Mtihani wa kwanza tulikuwa wa 33. Hatukuwa tumesahau chochote njiani; akili ilikuwa ileile iliyopanda lori nyumbani. Hata hivyo tuliandika barua kwa baba kwamba Mungu hatuiti, kwa kuwa hatuna akili. Baba alikuwa mkulima, hakuwa na mengi ya kuandika. Alijibu kwa kuuliza kama darasani bado tunaelewa anachofundisha mwalimu. Tulikuwa tunaelewa. Basi tukabaki. Wapo wenzetu wawili, wepesi kuliko sisi katika hesabu, ambao hawakupata mtu wa kuwauliza swali hilo, wakarudi makwao kabla ya Pasaka wakiamini kwamba wao ni wajinga.

Miaka mingi baadaye tulisoma kwamba hali hiyo imechunguzwa. Herbert Marsh, aliyefanya kazi Australia, alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba wanafunzi wawili wenye uwezo ulio sawa hawajioni kwa namna moja: aliyewekwa katika shule ya wenye vipaji vingi hujiona dhaifu kuliko yule aliyebaki katika shule ya kawaida. Wachunguzi wameliona jambo hilohilo katika nchi nyingi. Tafsiri yake kwetu ni hii, kwamba mtoto anaposema "sina akili", mara nyingi anazungumzia benchi aliloketi zaidi kuliko kichwa chake. Wazazi wanaouza ng'ombe ili mtoto aingie katika shule yenye jina yafaa walijue hilo kabla ya safari. Hatuwazuii, tunawaomba tu wajiandae kumwuliza mtoto lile swali la baba.

Kwa upande wa taifa, mwezi Januari mwaka 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, lilisema kwamba halitatangaza tena shule kumi bora wala wanafunzi bora kitaifa, likieleza kwamba watahiniwa hawasomi katika mazingira yanayofanana. Wako waliolalamika, na ukweli utatuumiza, lakini tuuseme: miongoni mwa waliolalamika tulikuwamo sisi watu wa Kanisa. Shule zetu zilikuwa zikionekana mara nyingi katika orodha ile. Ilituletea heshima na wanafunzi wa kulipa ada. Ni vigumu kuiona dhuluma ya ngazi unapokuwa umesimama juu yake. Lakini fikirini sekondari ya kata ambayo walimu wake wa sayansi ni wawili na maabara haina maji, ikipangwa katika ukurasa mmoja na shule ya bweni yenye maktaba. Mashindano hayo yalikwisha kabla hayajaanza. Na aliyebeba aibu ya kushindwa alikuwa mtoto wa miaka 17, wala si yule aliyepaswa kuleta walimu.

Tunajua pingamizi linalokuja, kwa kuwa walimu wakuu wametuambia mara nyingi: bila ushindani watoto watalala. Ni kweli kwamba nafasi humwamsha yule anayeiona nafasi ya juu yake kuwa karibu. Aliye wa tatu atakesha usiku ili awe wa pili. Aliye wa 71 hakeshi. Huyo hujifunza kutotaka tena, ili asiumie, na tunamwita mvivu. Hata wa pili, tusidhani kwamba ana raha. Kuna uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 na wataalamu watatu wa Marekani, Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich. Walichukua picha za televisheni za Michezo ya Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992, wakawaomba watu wazitazame nyuso za washindi. Waliopata medali ya shaba walionekana wenye furaha kuliko waliopata medali ya fedha. Aliyepata fedha alimtazama mwenye dhahabu na kuona alichokikosa. Aliyepata shaba aliwatazama wale waliotoka mikono mitupu. Sisi Watanzania tuna neno la kusema hapo, kwa kuwa medali zote mbili ambazo nchi yetu imewahi kupata katika Olimpiki ni za fedha, zote za Moscow mwaka 1980, za Filbert Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na za Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Hatujasikia mtu yeyote hapa kwetu akizihesabu kuwa ni kushindwa. Taifa zima lilichagua kipimo kingine, na halikupungukiwa kitu.

Mtu atauliza: je, kweli mtu anaweza kuumia bila kunyang'anywa chochote? Jibu tunalipata kwa jirani zetu wa Kenya. Huko Rarieda, katika kaunti ya Siaya, kuanzia mwaka 2011 shirika moja liligawa fedha kwa familia maskini, bila masharti, na wachunguzi walichagua familia za kupewa kwa kura. Johannes Haushofer na wenzake walipokwenda kuuliza hali za watu, waliona kwamba pale majirani walipotajirika zaidi, wale ambao hawakupewa walisema hawaridhiki na maisha kama zamani, ingawa hawakupoteza hata senti moja. Kuku wao walikuwa walewale. Nyumba zao zilikuwa zilezile. Ila sasa zilikuwa kando ya nyumba zenye bati jipya. Uchungu huo ulipungua kadiri muda ulivyopita. Tena uchunguzi mwingine mkubwa zaidi uliofanyika kaunti hiyohiyo, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba hata wasiopewa walifaidika, kwa kuwa fedha ilizunguka madukani na mashambani. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba tumeandika dhidi ya kuwasaidia maskini. Tunachosema ni kwamba vibarua wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo hawakuwa watu wa ajabu: walilipwa dinari waliyopatana, na bado waliumia walipoiona dinari ileile katika kiganja cha aliyeingia jioni. Wanaogawa mahindi ya njaa, ada za yatima na mablanketi kwa jina la parokia hawana budi kukumbuka hivyo. Aelezwe kila mtu mapema ni nani atakayepewa na kwa sababu gani. Na msaada usigawiwe mbele ya kamera.

Kuhusu arusi tuseme machache, kwa kuwa kila msomaji ana yake ya kusimulia. Zamani kadi ya mchango ililetwa mkononi, na ulichotoa kilijulikana kwako na kwa mwenye daftari. Leo kamati hufungua kundi la WhatsApp, na kila jioni orodha hurudiwa: jina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Ndugu wa tumbo moja husomana humo. Tunamfahamu mtu mmoja aliyekopa kwa riba ili jina lake lisibaki na sifuri usiku kucha, na mwingine aliyejitoa katika kundi la arusi ya mtoto wa dada yake, na tangu hapo hawajaongea. Hali kadhalika Komunyo ya Kwanza. Gauni la binti limekuwa na taji, glavu na shela kama la bibi arusi, na yupo mtoto aliyemaliza mafundisho yote lakini asubuhi ya siku yenyewe akasema anaumwa tumbo. Parokia kadhaa zimeshona kanzu nyeupe zinazofanana, za wavulana na wasichana, ambazo hutunzwa sakristia na kuazimwa kila mwaka. Ni kitambaa na fundi tu. Sisi hatuoni sababu ya parokia yoyote kusubiri waraka kutoka jimboni ili kufanya jambo hilo.

Turudi kwenye ubao wetu. Baada ya safari ile ya bondeni tulipeleka hoja kwenye Halmashauri kwamba orodha isisomwe tena. Mhazini wa parokia, mtu mwaminifu kabisa, alitupinga kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba mapato yatashuka. Ya pili ilikuwa nzito zaidi: alisema Yesu mwenyewe aliketi mbele ya sanduku la sadaka, akatazama kila mtu anatoa nini, akalinganisha. Tulikosa jibu siku ile. Tulilipata baadaye, na tunaliandika hapa kwa faida ya wengine watakaoulizwa. Ni kweli kwamba alilinganisha. Lakini hakukihesabu kilichoingia sandukuni. Alihesabu kilichobaki nyumbani kwa mtoaji, jambo ambalo hakuna mhazini anayeweza kulijua. Tena aliwaita wanafunzi wake akawaambia wao. Hatusomi popote kwamba alimwita yule mjane asimame, wala kwamba matajiri walisomewa majina yao.

Kuhusu mapato, mhazini alisema kweli. Yalishuka. Jumuiya mbili zilizokuwa zikishindania nafasi ya kwanza zililegea mara moja, jambo ambalo lilitufundisha kitu kuhusu zile sadaka. Ilichukua zaidi ya mwaka kurudi mahali pazuri, na katika muda huo tuliishi na ndoo chini ya paa. Hatutaki kumdanganya mlei yeyote kwamba hakuna gharama.

Kilichosaidia hatimaye ni orodha nyingine. Mzee mmoja mstaafu wa reli alisimama kikaoni akauliza kwa nini waamini wanasomewa kila mwezi kilichotolewa, ilhali kilichotumika husomwa mara moja kwa mwaka, tena kwa haraka. Hatukupenda swali hilo. Tunakiri kwamba paroko husikia raha zaidi anapohesabu mifuko ya wengine kuliko anapofungua wa kwake. Lakini tangu mwezi uliofuata tulianza kubandika matumizi: mafuta ya gari, posho za makatekista, divai na hostia, umeme, chakula cha nyumba ya mapadre, misaada kwa wagonjwa bila kutaja majina yao. Jumla ya mapato ilitajwa kwa parokia nzima, tarakimu moja tu. Kila familia ilipewa stakabadhi yake katika bahasha, na katibu wa jumuiya hakuruhusiwa kuzisoma mbele ya wengine. Watu walianza kusimama mlangoni kusoma ubao. Wengine waliuliza maswali makali kuhusu mafuta ya gari, nayo yalikuwa ya haki.

Kuna watakaosema kwamba kuficha mchango wa kila mtu ni kuua uwazi. La hasha. Uwazi ni deni la anayeshika mali ya watu kwa wenye mali. Mjane wa bondeni hashiki mali ya mtu. Hana sababu ya kukaguliwa hadharani. Anayo haki ya kumkagua paroko.

Basi tunawaomba viongozi wa walei, wenyeviti wa jumuiya, WAWATA, walimu Wakatoliki na wakuu wa shule zetu walichukue jambo hili katika vikao vyao vya robo hii. Walimu watusaidie kwa dogo moja: katika ripoti ya muhula, mahali pa nafasi, waandike wastani wa muhula uliopita kando ya wa sasa, ili mtoto alinganishwe na yeye mwenyewe. Mkuu mmoja wa shule ya msingi ametuambia kwamba alijaribu, na wazazi wakaja ofisini kudai namba. Aliwapa, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa, lakini mstarini hakuisoma tena. Tunadhani alifanya vema. Halmashauri za parokia zijadili orodha zote zinazosomwa kanisani, moja baada ya nyingine: ya zaka, ya mavuno, ya ujenzi, ya tegemeza jimbo, na kila moja iulizwe ni nani atakayeketi kwenye benchi akiisikiliza. Tungeshauri hoja hiyo itangulie hoja ya fedha katika ajenda, maana ikija baada yake haitafikiwa.

Mama yule hakurudi katika jumuiya ya bondeni. Tulimwendea mara mbili kuomba radhi, akatupokea kwa heshima na chai, wala hakutaka kulizungumza tena. Mwaka uliofuata alihamia kwa mtoto wake, katika kigango cha parokia nyingine. Katekista wa huko anatuambia kwamba anasali kila Dominika, anakaa nyuma karibu na mlango, na kwamba alipoombwa kuwa mhazini wa jumuiya alikataa.